Kidevu Changu na Nywele za Nyegere

Kwa mwezi mzima na siku moja, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha shule ya usiku kilichopigwa muhuri wa zambarau, niliamini kwamba mwanamume akijipaka povu la sabuni kwa brashi ya nywele za nyegere, hatatokwa na vipele vya kunyoa mpaka siku ya kuzikwa. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba Ijumaa inafuata Alhamisi.

Ubaya ni kwamba hoja yenyewe ilikuwa nzuri. Nyegere, kama hukuwahi kumwona, ni yule mnyama mfupi wa mgongo mweupe anayevunja mizinga ya watu na kula asali yao huku nyuki elfu kumi wakimshona kila upande, naye hata hajikuni. Ngozi yake haipitishi mwiba. Basi wazungu, watu waliokuwa na akili ya kuvumbua gari moshi na kodi ya kichwa, wakakaa chini wakafikiri. Wakamkamata nyegere, wakamnyoa, wakazifunga nywele zake kwenye mpini wa pembe, wakawa wanajipaka povu nazo kila asubuhi. Ule ugumu wa mnyama unahamia shavuni kidogo kidogo, na ngozi ikishakuwa ya nyegere, unywele gani tena utathubutu kuichoma? Uliwahi kumwona meneja wa kizungu mwenye vipele? Hukuwahi. Basi.

Aliyenipa elimu hiyo alikuwa karani mwenzangu katika ofisi ya bima niliyofanyia kazi katikati ya Nairobi, mtoto wa mwinjilisti, mtaratibu wa sauti, mwenye kidevu kama yai la bata. Yule hakuwa na ndevu, alikuwa na fununu za ndevu. Akinyoa leo, amemaliza mpaka mwezi ujao. Mimi zangu zilikuwa seng'enge. Nikinyoa alfajiri kule Hurlingham, nilikokuwa nikilala katika chumba cha mjomba wangu mpishi, nyuma ya nyumba ya tajiri wake, nikishuka kwa miguu mpaka ofisini zimekwisha kuota, na zile zilizokosa njia ya kutoka zinajipinda na kurudi ndani. Kila iliyorudi ndani iliacha kipele. Kidevu changu ungeweza kusugulia sufuria iliyoungua ugali.

Wala usidhani nilikuwa nanyoa kivivu. Nilinyoa kwa bidii ya kuogopesha, kutoka kooni kwenda juu, kama mtu anayepanda kilima, ili wembe uzikute ndevu hazijajiandaa. Nikimaliza narudia.

Utaniuliza, kwa nini usizifuge tu? Ndugu yangu, ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wapigania uhuru wakiwa msituni. Ndevu za siku nne zilitosha kumfanya askari wa kizuizi cha barabarani akutoe kwenye mstari, akutazame upande huu na upande huu, akuulize umetoka msitu gani. Mimi natoka magharibi, msitu wenyewe nilikuwa nauona kwa mbali tu nikiwa kwenye behewa, lakini nenda kamweleze hayo mtu mwenye bunduki. Kijana mmoja wa mtaa wa jirani aliahirisha kunyoa kwa ajili ya jino lililokuwa likimuuma, akalala siku mbili ndani ya uzio wa waya pamoja na jino lake. Basi sote tulinyoa. Serikali ilikuwa haitupi kura, ila wembe ilituhimiza sana.

Sasa siku moja meneja akatuita sisi wawili, mimi na mwenye kidevu cha yai. Kampuni, akasema, imeamua kumweka karani Mwafrika kwenye kaunta ya mbele, ile inayotazama barabara. Hakusema sababu lakini tuliijua: Waafrika walikuwa wameanza kununua bima, na pesa zao zilionekana kuwa za rangi ileile. Mmoja wetu angepewa. Kaunta ile ilikuwa na kiti chenye mgongo. Tena ilikuwa na chumba cha kampuni, chumba cha peke yako chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo wako mwenyewe, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Kwa maana nyumbani kulikuwa na binti niliyekuwa nimemchumbia, na baba yake alikuwa amenitumia ujumbe usio na maua: mwanawe hataletwa Nairobi kulala nyuma ya pazia katika chumba cha mpishi. Nikipata kaunta, nimepata chumba. Nikipata chumba, nimepata mke.

Meneja akainama juu ya meza, akanyoosha kidole mpaka karibu anichome nacho.

"Hii gani hapa?" akasema kwa Kiswahili chake cha kuagizia farasi. "Kama mahindi! Mteja naona hii, nakimbia. Wewe natengeneza uso. Jumatatu ya mwisho ya mwezi mimi naangalia tena, halafu mimi nachagua."

Miaka mitatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa chini ya taa ya karabai, nikimeza sarufi ya Kiingereza, hesabu za riba na majina ya mito ya Uskochi, kumbe mtihani wenyewe ulikuwa wa kidevu.

Tulipotoka, mtoto wa mwinjilisti akanishika bega. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Mimi sitaki kushinda kwa sababu ya vipele. Tafuta brashi ya nyegere." Ndipo akanieleza yote niliyokwisha kukueleza, kwa sauti ya mtu anayesoma zaburi. Nilikaribia kulia kwa shukrani. Mshindani wangu mwenyewe ananipa silaha! Nikasema moyoni, huyu ni Mkristo.

Jumamosi mchana nikaanzia juu kabisa, katika duka la wazungu kwenye barabara kubwa, ambako hata vitana vilikuwa vimelazwa juu ya mahameli. Siku zile mtu wa rangi yangu haingii duka la namna ile kujinunulia. Anaingia ametumwa, na ameshika chiti, yaani kijibarua cha tajiri wake kinachosema mpe huyu kitu fulani. Mimi tajiri wa kunituma sikuwa naye, lakini kalamu nilikuwa nayo. Nikajiandikia chiti kwa Kiingereza cha shule ya usiku, Kiingereza chenye kola na tai, kikianza na "Nina heshima kuu kukujulisha" na kumalizikia kwa sahihi ya mzungu ambaye hajapata kuzaliwa.

Memsabu wa kaunta akakisoma. Akakisoma tena. Akamwita mwenzake, wakakisoma pamoja.

"Bwana yako nakaa wapi?" akaniuliza.

"Hurlingham, memsabu."

"Yeye naandika kama askofu. Haya. Nataka brashi ya kupiga povu kwa bakuli ama ya kupiga povu kwa uso?"

Jamani. Kumbe kuna mlango ndani ya mlango. Nilidhani brashi ni brashi, kama vile mchi ni mchi. Nikasimama pale natoka jasho, nikajibu kwamba bwana wangu hupenda vyote viwili, kwa zamu.

Akanitolea brashi tatu. Moja ilikuwa ndefu, nywele zake zimeenea kama mkia wa jogoo, ncha zimekuwa nyeupe kama theluji. Nikaigusa kwa kidole kimoja, na haki ya Mungu, nilisahau jina langu. Nikauliza bei. Alipoitaja nilitazama nyuma nione kama anaongea na mtu mwingine. Kwa pesa zile kwetu unapata ndama, na ndama huyo anyonye mpaka akue.

"Bwana alisema," nikamwambia kwa adabu, "ikizidi hapo, niiache."

"Bwana yako ni mchoyo sana," memsabu akasema.

"Sana, memsabu," nikasema. "Hata mshahara wake simwoni akiutoa."

Nikashuka mpaka Bazaar, kwenye maduka ya Wahindi, ambako chiti hakikutakiwa na unaweza kubishana na mwenye duka kama binadamu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, duka lake limebanwa kati ya muuza vitambaa na muuza mataa. Alikuwa akiuza kila kitu kilichowahi kutengenezwa, kuanzia misumari mpaka kofia za harusi.

"Nataka brashi ya kunyolea," nikamwambia. "Nywele za nyegere. Nyingine usinionyeshe."

Akaniwekea kwanza moja nene yenye nywele nyeusi. "Hii ya nguruwe. Bei ndogo. Nzuri sana."

Nikaipitisha shavuni. Ilikuwa kama kubusiwa na ufagio wa uwanjani. "Mzee, mimi nina kidevu kibaya, lakini sijafika hapo."

Akacheka, akainama chini ya meza, akaibuka na kiboksi kilichofifia kwa jua. Juu yake kulikuwa na picha ya mnyama mfupi, miguu ya kuchimbia, kichwa chenye mistari mieupe.

"Nyegere!" nikapiga kelele.

Mzee akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama mifuko yangu. "Wewe nasema nyegere," akasema, "mimi pia nasema nyegere."

Lakini lazima nimtendee haki yule mzee, kwa maana kuhusu brashi yenyewe alinifundisha zaidi ya memsabu na mahameli yake. Aliniuliza kama ninalo bakuli la kunyolea. Nikamwambia ninalo kopo la mjomba, nalo ndilo la chai. Basi akasema usichukue ndefu. Brashi ndefu na laini sana ni ya bakuli. Ukiisukuma usoni inalala chini kama mlevi, povu lote linabaki tumboni mwake. Ya kupigia povu usoni iwe fupi, imeshiba, nywele zimebanana, ukiibonyeza kwenye kiganja nayo inakusukuma. Akanibonyezea. Ikanisukuma. Nikanusa: harufu ya mnyama kabisa, kama mbuzi aliyenyeshewa. Mzee akasema niioshe kwa sabuni mara tatu itaisha. Nikasema moyoni, nani anataka iishe? Hiyo si ndiyo dawa yenyewe?

Tukabishana bei mpaka muuza vitambaa akaja kusikiliza. Nilimwambia nina mama mgonjwa, akaniambia ana mabinti watano. Nilitoka dukani mara mbili, akaniita mara mbili. Mwishowe nikailipa kwa pesa ya viatu, nikapanda kilima kurudi Hurlingham viatu vikicheka kwa mbele, na mimi nikicheka navyo.

Asubuhi iliyofuata nikatundika kioo kwenye msumari karibu na bomba la nyuma. Nikalowesha uso, nikasugua sabuni ya kijiti kwenye mashavu, nikaitia brashi majini, nikaikung'uta, nikaanza kuzungusha. Wacha nikwambie, kama kuna jambo moja ambalo mzungu hakudanganya, ni hilo. Povu liliinuka lenyewe kutoka usoni kwangu, zito, la moto, nikawa nazungusha tu, kidevuni, kooni, chini ya pua, macho nimefumba. Niliendelea mpaka maji ya chai ya mjomba yakakauka jikoni.

Mjomba akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa mpishi wa nyumba ile kwa miaka mingi, mtu mnene wa maneno machache, na hayo machache aliyatia chumvi.

"Mjomba," akaniita, kwa kuwa kwetu jina hilo huenda na kurudi, "umekuwa keki. Nikuoke?"

"Hii ni brashi ya nyegere, mjomba."

Akanitazama nikichukua wembe na kuanza kupanda kutoka kooni. Akafungua kinywa. "Sikiza, huo wembe wako..."

"Mjomba," nikamkata, "haya ni mambo ya waliosoma. Wewe kaa na jikoni lako, sisi tuachie vitabu."

Neno hilo hata leo likinirudia natafuta pa kujificha. Mjomba akafunga kinywa, akarudi kwenye mayai ya tajiri wake.

Wiki ya kwanza vipele havikupungua. Nikasema ngozi ya nyegere haiji kwa siku moja. Wiki ya pili viliongezeka, maana kwa utamu wa povu nilikuwa sasa nanyoa mara tatu kwa wakati mmoja, juu, juu, juu. Wiki ya tatu shati langu lilikuwa na kola yenye madoa mekundu kama la mchinjaji, na tarishi wa ofisi akaniuliza kama nyumbani tunafuga paka.

Ikabaki siku mbili. Nikamwendea mtoto wa mwinjilisti wakati wa chai, nikamwonyesha uso. Akaukagua kwa huruma.

"Ndugu yangu, umeuziwa mbuzi," akasema. "Wale wa Bazaar ni wajanja. Umeijaribu?"

"Kuijaribu vipi?"

"Kwa nyuki. Nyegere wa kweli, nyuki wanamjua. Wakisikia harufu yake wanarudi nyuma wenyewe, maana wanajua wanapoteza miiba bure."

Hapo, msomaji, palikuwa pa kusimama na kufikiri. Hata mtu asiye na cheti angesimama. Lakini mimi nilikuwa nimefaulu somo la sayansi kwa alama za juu, na nililofundishwa ni kwamba jambo huthibitishwa kwa jaribio.

Tajiri wa mjomba alikuwa na mizinga mitatu chini kabisa ya bustani, nyuma ya michungwa, imepakwa rangi nyeupe kama nyumba za maafisa. Jumapili baada ya kanisa nilijipaka povu la kutosha, kidevu kizima, nikashuka bustanini nikiwa nimeishika brashi mbele kama mtu anayebeba mshumaa. Nikafika hatua mbili kutoka mzinga wa kwanza. Nikainyoosha brashi mlangoni.

Nyuki hawakurudi nyuma.

Sitakueleza mbio zile, kwa kuwa sikuziona. Ziliendeshwa na miguu bila kunishirikisha. Ninachojua ni kwamba nilivuka bustani, nikavuka ua wa maua ambao memsabu wa nyumba aliupenda kuliko watoto wake, nikajikuta nimetia kichwa kizima kwenye karo la kufulia. Walinichoma mara saba, na mara tano katika hizo zilikuwa kidevuni, kwa sababu ndiko nilikokuwa nimewaalika. Mjomba akaja, akanikalisha juu ya debe, akaichomoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha. Alinitazama tu kama anavyotazama maziwa yaliyoganda.

Jumatatu niliingia ofisini nimebeba papai mahali pa kidevu. Mtoto wa mwinjilisti alikuwa amekwisha kufika, yai lake linang'aa, na aliponiona akashika mdomo. Meneja akatoka. Alinitazama muda mrefu, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetazama ajali. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Wewe," akasema. "Kaunta."

Hivyo tu. Nikarudi kwenye meza ya nyuma, karibu na makabati, kwenye kiti kisicho na mgongo, na mchana kutwa nilimsikia mwenzangu mbele akisema "Karibu, bwana" kwa wateja kwa ile sauti ya zaburi. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kama alinidanganya makusudi. Akaapa kwa marehemu baba yake kwamba aliisikia habari ya nyegere kwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe aliiamini. Nami nikamwamini. Unaona jinsi nilivyo.

Jioni nilipanda kilima polepole. Mjomba alikuwa ameketi nje ya chumba chetu akichambua mchele. Nikakaa chini kando yake. Nikamwambia kaunta imekwenda, na chumba kimekwenda, na sijui nitamwandikia nini baba wa yule binti. (Yule binti sasa hivi yuko chumba cha pili, anasikia kalamu inakwaruza na kuuliza kama nimefika kwenye nyuki, lakini siku ile sikujua kwamba angenisubiri miaka miwili zaidi.) Nikamwambia mjomba kwamba kosa ni la brashi ya bei nafuu, nitaweka akiba, nitarudi kwa memsabu kununua ile ndefu ya theluji.

Mjomba akaweka sinia chini.

"Tajiri alipoanguka na farasi akavunjika mkono," akasema, "unajua ni nani aliyemnyoa miezi miwili?"

"Nani?"

"Watu wa jikoni."

Akaingia ndani, akatoka na brashi yangu, akaibonyeza kwenye kiganja chake mara mbili na kutikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Brashi ni nzuri, hukupunjwa," akasema. "Lakini huyo kwenye boksi si nyegere. Ni mnyama wa kwao Ulaya, anachimba shimo, anakula nyungunyungu. Na nywele zake haziponyi kitu. Zinalowesha ndevu zako na kuzilainisha, basi, hata za nguruwe zingefanya kazi hiyo. Vipele vyako vinatoka kwenye wembe. Unanyoa kwenda juu, na ndevu zako zimelala kwenda chini. Nyoa kwenda chini, mara moja, halafu acha."